Kawa la Mkono wa Kushoto

Hakuna kitu Safinah alichokidharau duniani kuliko viatu vya Abudu. Vilikuwa vya rangi ya chokoleti, soli zake nene kama tofali, na mwanamume yule akivivaa alitembea kwa uangalifu wa mtu anayevuka mtaro wa maji machafu. Alasiri ile alikuwa amevivaa tena. Aliingia navyo katika ukumbi wake mpya wa sherehe pale Makindye, akasimama katikati ya sakafu, akapiga makofi mawili.

"Fundi, washa hiyo kitu. Mama yangu Hajjat hana siku nzima."

Fundi alikuwa juu ya ngazi, amewapa mgongo, anakaza nati. Hakugeuka.

"Kitu kubwa haiharakishwi, boss," alisema Anselme. "Inangojewa."

Safinah aliinamisha uso ili mama yake asimwone akicheka. Zilikuwa zimebaki siku nne aolewe na mwenye viatu, na moyo wake wote ulikuwa juu ya ngazi.

Kitu chenyewe kilikuwa kimefunikwa kwa turubai la lori. Abudu alikuwa na malori sita yaliyokwenda Mombasa na kurudi, na tangu apate malori alikuwa na ugonjwa wa kutaka kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Huko Nairobi aliona tangazo la hoteli linazunguka huku likiwaka taa. Alirudi nalo kichwani. Harusi yake, alisema, itakuwa na kawa la chuma, pana kuliko urefu wa mtu, litundikwe juu ya kiti cha bibi harusi, lizunguke na kuwaka rangi zote, na Kampala nzima ijue nani kaoa. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilitaka kuvuma kwa umeme.

Kwa nini kawa? Kwa sababu kwao, Wanubi, posa haikamiliki kwa maneno matupu. Nyumbani kwa akina Safinah na kwa akina Abudu, msichana akishakubaliwa, husuka kawa la kufunikia chakula, ukindu wake wa rangi, na likapelekwa kwa mama mkwe. Mama mkwe hulitazama akaujua mkono anaouingiza nyumbani mwake. Kawa la Safinah lilipelekwa miezi mitano iliyopita, na Hajjat Sitti, mama yake Abudu, alilisifu mbele ya majirani na kulitundika ukutani sebuleni.

Tatizo ni kwamba kawa lile halikuwa la Safinah.

Safinah alizaliwa mashoto. Mama yake, Habibah, alimfunga mkono ule kwa kipande cha kanga tangu akiwa na miaka minne mpaka sita, na mkono ukatii nusu. Ulijifunza kukaa chini wakati wa kula, ukajifunza kujificha wakati wa kusalimia. Lakini sindano na chaki uliving'ang'ania. Sasa kawa huanzia kitovuni, duru juu ya duru, na anayesuka kwa mkono wa kulia duru zake huelekea upande mmoja, wa mkono wa kushoto zikaelekea upande wa pili. Msukaji yeyote huona hilo akiwa bado mlangoni. Kwa hiyo Mama Habibah alikwenda Bombo, mji wa Wanubi, kimya kimya, akaomba kawa la shangazi mtu, akalipeleka kwa Hajjat na kusema, "Mwanangu huyo, hakulala wiki mbili." Njia ya mwongo ni fupi, lakini Mama Habibah aliamini yeye ataipita kwa gari.

Hakuwa mama mbaya. Mumewe alikuwa mpiga tarumbeta wa polisi, na tangu afariki walikaa katika nyumba ya polisi pale Naguru kwa huruma ya watu. Siku yoyote wangeambiwa wahame. Abudu aliahidi kuwapa nyumba ya matofali. Mama aliyeahidiwa nyumba haulizi mkwe kavaa viatu gani.

Na kwa kuwa Safinah alisomea uchoraji chuo cha ualimu, Abudu alimwagiza amchoree fundi ramani, anakili kawa lile la ukutani. "Apate kazi," alisema, kana kwamba kufundisha watoto sitini kila asubuhi kulikuwa kupumzika.

Siku ya kwanza aliyofika Katwe, Safinah aliingia karakanani ameziba pua kwa leso. Kila upande nyundo zilikuwa zinalia. Alimkuta mtu mrefu, shati limetobolewa na cheche, msalaba mdogo shingoni, anakunja pipa la mafuta kama mtu anayekunja shuka.

"Wewe ndiye fundi?"

"Watu wanasema."

"Jina?"

"Anselme."

"Jina gani hilo, linalia kama kengele ya kanisa."

"Na leso iko ya nini, mwalimu? Mafua?"

Alimtupia karatasi. Anselme aliifungua juu ya meza ya chuma, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka kwa pua.

"Karatasi ni nzuri. Itazunguka kwa maombi? Taa zote umeweka upande moja. Itaegemea kama mlevi."

Hakuna mtu aliyewahi kuucheka mchoro wake. Safinah alichukua chaki ya fundi, akainama sakafuni na kuanza kuchora upya pale pale kwa hasira, duru baada ya duru kutoka kitovuni, huku akimwambia kwamba watu waliosoma hawafundishwi na wakunja mapipa.  Anselme aliutazama mkono wake tu.

Wakagombana hivyo miezi mitatu. Aliyekuja kusimamia kazi akajikuta anaijua. Alijifunza kwamba mistari ya kawa itakatwa kutoka kwenye mapipa, kwamba vioo vyekundu na vya manjano vitatoka kwenye taa za nyuma za magari yaliyokufa, kwamba mota ya feni ina mbio mno na mnyororo wa baiskeli ndio utakaoipunguza. Alimuuliza Anselme umeme utafikaje kwenye taa zinazozunguka bila nyaya kujisokota, naye akamwonyesha pete ya shaba katikati na kipande cha kaboni kinachoigusa. "Haishiki," alisema, "inagusa tu. Inatosha." Safinah alisema ni ujinga mtupu. Usiku hakulala. Alimpenda yule mtu, na alikasirika kumpenda. Alianza kwenda Katwe hata siku zisizo na sababu, na kila siku aliondoka baada ya kumtukana kidogo ili asije akajua.

Sasa Anselme aliteremka ngazi, akavuta kamba, na turubai likaanguka.

"Fungeni mapazia," alisema.

Mapazia yakafungwa, ukumbi ukawa giza. Kulisikika mlio mdogo wa swichi. Kwanza kiliwaka kitovu, chekundu. Kisha mnyororo ukavuta, chuma chote kikaanza kwenda polepole, na taa zikawaka moja moja zikifuata njia ya duru kutoka ndani kwenda nje, nyekundu, manjano, nyeupe, mpaka ukingoni. Na kwa vile lilikuwa linazunguka, macho yalidanganyika: kawa lilionekana linakua. Lilifunguka na kufunguka, kitovu kinazaa duru mpya na kuzisukuma nje, na rangi zake zikatambaa kwenye kuta na kwenye nyuso zao. Usione vyaelea, vimeundwa. Mama Habibah alitaja jina la Mungu. 

Safinah alitazama taa zikipita usoni mwa Anselme. Naye alikuwa anamtazama yeye, wala si kazi yake. Wakatazamana hivyo bila haya, kwa kuwa kulikuwa na giza, mpaka sauti ikasema:

"Simamisha. Fungua pazia."

Hajjat Sitti alikuwa amenyanyuka. Mwanamke yule alisuka tangu enzi za marehemu mama yake, na hata pale alikuwa na mfuko wake wa ukindu begani. Alisogea mpaka chini ya chuma, akainua kidole na kukifuatisha na duru, taratibu, mara moja, mara ya pili. Kidole kikasimama hewani.

"Hii inaenda kushoto."

"Inaenda vizuri, Hajjat," Abudu alicheka.

"Wewe nyamaza, hujui kitu. Kawa iko kwangu ukutani inaenda kulia. Hii ni ya mkono wa kushoto. Mkono wa chooni. Unataka nilishe wageni wangu pilau chini ya mkono wa chooni?"

Hapo ndipo Safinah alipoelewa. Alitumwa kunakili kawa la Hajjat. Hakulinakili. Siku ile sakafuni, kwa hasira, mkono wake ulikwenda njia yake wenyewe, na karatasi ya mwisho akaichora kutoka sakafuni. Alizaliwa na kosa lile, akalifunika miaka ishirini na minne, kisha akalichora kwa mkono wake mwenyewe, pana kuliko urefu wa mtu, na taa juu.

Abudu alimgeukia fundi. Sura ilikuwa imembadilika.

"Mimi nilikuletea kawa yenyewe mpaka Katwe. Ikakaa kwako wiki nzima. Wewe ni kipofu?"

Mkono wa Anselme ulipanda kwenye mfuko wa shati. Safinah alijua kilichomo. Ilikuwa ile karatasi, imekunjwa mara nne, na pembeni jina lake na tarehe, kama walivyofundishwa chuoni. Angeitoa, angekuwa amepona. Anselme alishika kifungo cha mfuko, akakifunga.

"Ni kosa yangu, boss. Nilisoma vibaya."

Mtu aliyepima kila msumari mara tatu. Safinah alimtazama asiamini.

"Kosa?" Abudu alimsogelea kwa viatu vyake. "Takataka ya Katwe. Unakula mkate wangu halafu unatukana nyumba yangu? Unajua kaka yangu anafanya kazi wapi? Hapo juu tu, kambini kwa askari. Nitakupeleka sasa hivi ukamweleze ulisoma vibaya namna gani. Mkongo hana karatasi za kuishi hapa, hana ndugu, nani atakuuliza?"

Hakuna aliyecheka. Watu wa Makindye walijua mlango wa kambi ile. Waliopelekwa kule kueleza hawakurudi kusimulia.

Safinah alihisi kucha za mama yake zikimwingia kwenye mkono.

"Nyamaza," Mama Habibah alimnong'oneza kwa Kinubi. "Ni fundi tu. Mafundi wamejaa Katwe. Nyumba haikujaa."

"Mama, watamuua."

"Watamtisha. Wewe nyamaza siku nne tu."

Siku nne. Safinah alitazama ukumbi mzima: mwanamume mwenye viatu, mama mkwe mwenye kidole, mama yake mwenye uongo wake. Miezi mitano alikuwa amewadharau wote na kujiona yuko juu yao. Sasa alijitazama yeye, amesimama nyuma ya mtu aliyejitia hatiani ili yeye apone, na akaona kwamba pale ndani hapakuwa na mtu duni kumshinda yeye. Dharau yote aliyowagawia wengine ilimrudia, na ilikuwa chungu.

"Hajjat," alisema. "Mwambie atoe karatasi iko mfukoni."

"Hakuna karatasi," alisema Anselme haraka.

"Anadanganya. Ni mchoro wangu, una jina langu. Yeye alifuata mkono wangu. Huu." Aliinua mkono wa kushoto, ule uliofundishwa kujificha, akauacha juu. "Mimi mashoto. Ile kawa iko ukutani kwako ni ya shangazi yangu wa Bombo."

Mama Habibah alikaa chini kwenye kiti cha bibi harusi bila kujua amekaa wapi.

Hajjat aliuvuta mfuko wake wa ukindu. Alitia mkono mfukoni, akatoa kitovu cha kawa alichokuwa amekianza, upana wa kiganja, sindano bado imo, akamkabidhi Safinah.

"Suka."

Safinah alifumua duru ya mwisho, akakigeuza kitovu, akashika sindano kwa mkono wake.  Mkono ulitoboa, ukavuta, ukakaza, ukatoboa tena, kwa mwendo ambao hakuwahi kumwonyesha mtu mchana. Baada ya mishono kumi Hajjat alimnyang'anya kazi yake, akaipeleka karibu na macho.

"Mkono ni mzuri," alisema. "Ungeniletea huu, ningepiga kelele siku mbili, halafu ningenyamaza. Mkono Mungu anatoa. Lakini uongo, Habibah, uliusuka wewe, na umeusuka vibaya. Kesho nitakurudishia kawa yenu."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kawa likirudishwa, msichana amerudishwa.

"Mimi ndiye nimekataa," alifoka Abudu. "Nile chakula cha mkono huo? Ningetapika. Na huyu Mkongo lazima aende..."

"Aende wapi?" Hajjat alimgeukia mwanawe, akamtazama kuanzia soli mpaka kichwani, na safari hiyo ilichukua muda. "Kosa yake ni nini? Amepewa karatasi, amefanya karatasi. Miezi mitano wewe ni mchumba. Umekaa na huyu msichana, umekunywa chai yake, umepiga naye picha studio. Hukujua anatumia mkono gani. Mkunja mapipa alijua. Wewe ulikuwa unatazama nini, Abudu? Kioo?"

Abudu alitazama viatu vyake. 

"Ukimgusa huyu fundi, nitakwenda Bombo mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, niwaambie mwanangu aliibiwa macho mchana. Sasa nipeleke nyumbani. Na uvae viatu vya watu."

Wakatoka. Mlio wa soli ulisikika mpaka nje, ukafuatwa na mlango wa gari.

Mama Habibah alibaki kwenye kiti kilichopambwa. Hakulia. Alimtazama Anselme kwa utulivu, kama mnunuzi anavyotazama samaki wa juzi.

"Wewe," alisema. "Ulijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza, mama. Alishika chaki."

"Na kawa ya Hajjat ulipoiona?"

"Nikajua si yake. Iko nzuri, lakini haina hasira."

"Kwa hiyo ulijua utaharibu harusi."

Anselme alisitasita. "Nilijenga mkono yake, mama. Ya mtu mwingine sikuweza. Nilijaribu na makaratasi, ikakataa." Kisha akasema wazi, "Nampenda. Ndiyo sababu."

"Mkongo," alisema Mama Habibah akihesabu kwa vidole. "Mkristo. Mkunja mapipa. Shati kama chujio. Shetani alisahau kuongeza nini?" Akanyanyuka, akajifunga kitambaa. "Leo umekula nyumba yangu ya matofali. Sitaki kukuona Naguru. Na wewe, Safinah, ukimaliza kutazama taa utakuja kufunga mizigo, maana tukifukuzwa sina wa kunibebea."

Alitoka bila kugeuka. Mlangoni alisimama kidogo tu, akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa, akaendelea.

Walibaki wawili. Anselme alipanda ngazi kuanza kufungua taa, kwa kuwa vioo vile havikuwa vya kumwachia Abudu. Alimteremshia Safinah kimoja kimoja, naye akavipanga sakafuni.

"Ungetoa karatasi," alisema Safinah. "Mjinga wewe. Wangekupeleka kambini kwa sababu ya duru."

"Na wewe ungenyamaza. Ungepata nyumba."

"Kwa nini hukuniambia unajua? Miezi mitatu nimekuja kwako nimejificha kama mwizi."

"Ulikuwa unanidharau vizuri sana," alisema Anselme kutoka juu. "Nikisema kitu, uache kuja? Nikaona afadhali unidharau lakini uje."

Safinah alipokea kioo chekundu kwa mkono wa kushoto. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Alimfikiria mama yake akipanda kilima cha Naguru peke yake, na moyo ulimuuma. Alimtazama mtu aliye juu ya ngazi, na moyo ule ule ukajaa.

"Kesho uje nyumbani," alisema kwa ukali. "Uvae shati zima. Uje mama akufukuze."

"Akinifukuza?"

"Keshokutwa utarudi, akufukuze tena."

"Na baadaye?"

"Mama yangu namjua," alisema Safinah. "Siku ya tatu huwa amechoka, anasema kaa ule kwanza."